Muulize Afande: Risasi ya Legion Square na barua nyingine

Nilipodokeza katika safu hii kwamba jioni huwa naingia Los Santos, barua za mirathi na mipaka ya mashamba zilipungua, za mchezo zikajaa. Leo nazijibu hizo tu. Wenye mashamba wavumilie hadi toleo lijalo.

Kwa mzee mwenzangu asiyeelewa: Los Santos ni mji wa kubuni ndani ya Grand Theft Auto V, mchezo uliotoka 2013 na kufika kwenye kompyuta 2015. Kwa kawaida ni mchezo wa kuiba magari na kufyatua risasi. Lakini kuna programu iitwayo FiveM inayowawezesha watu kufungua seva zao na kuziwekea kanuni zao, na humo watu huigiza maisha: huyu dereva wa teksi, yule daktari, yule jambazi, yule hakimu. Unaongea kwa maiki kama mhusika wako, njaa ikikuuma unanunua chakula, gari likiharibika unalipeleka gereji. Fundi wa gereji moja huko Sandy Shores ni mimi. Sare nilivaa ya kutosha huku nje, mle sizitaki. Nje ya uigizaji mimi ni mmoja wa wasimamizi wanaosikiliza malalamiko, na malalamiko hayaishi. Kila seva ina kanuni zake, kwa hiyo ninayosema yalinganishe na yaliyoandikwa kwenu.

*

Afande, salaam. Mimi ni mwanafunzi hapa Arua, mhusika wangu ni muuza samaki. Juzi jamaa alinivamia pale Legion Square, akaninyang'anya simu na pesa, kisha akanipiga risasi. Nikaamkia hospitali ya Pillbox. Nikachukua gari, nikarudi, nikamkuta anaringa palepale, nikammaliza. Yeye hakufanywa kitu. Mimi nimefungiwa siku tatu kwa RDM na NLR. Yeye ndiye aliyeanza! Haki iko wapi?
*Mvuvi, Arua*

Mvuvi, nimekaa kaunta ya polisi miaka mingi. Kila aliyekuja kuandikisha taarifa alianzia pale alipopigwa kofi. Pale alipotukana hakumbuki kabisa. Wewe umeandika vizuri kuliko wengi, lakini kuna mahali umeruka. Umesema alikunyang'anya, "kisha" akakupiga risasi. Hapo katikati ulifanya nini?

Nauliza kwa sababu seva nyingi zina kanuni ya kuthamini uhai. Mtu akikuelekezea bunduki kwa karibu, mhusika wako lazima aogope kama ambavyo wewe ungeogopa usiku kwenye barabara ya kwenda Koboko. Ukitia mkono mfukoni kutafuta kisu, ukianza kukimbia, ukimtukana mama yake, umempa sababu ya kufyatua, na hiyo si RDM. RDM ni kuua bila hadithi: hakuna neno lililosemwa, hakuna ugomvi uliotangulia, aliyekufa hakupewa nafasi ya kujibu. Huyo jambazi alikuja, akasema anachotaka, akachukua. Hadithi ipo. Lakini kama ulimpa kila kitu, mikono juu, ukatii, na bado akakuua, basi ana kesi ya kujibu, kwa sababu seva nyingi zinakataza kumwua mtu aliyetii. Ungefungua tiketi, yaani malalamiko rasmi kwa wasimamizi, siku hiyohiyo, naye huenda angefungiwa pia. Hukufungua. Ulichukua gari.

Sasa tuje kwenye gari. Ulipolala pale Legion Square ulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuita ambulansi na kusubiri. Wachezaji wanaoigiza wahudumu wa afya wanakuja, wanakufunga majeraha, wanakupeleka hospitali, na kwa kanuni za kwetu na za seva nyingi, unabaki na kumbukumbu. Ya pili ni kushikilia kitufe na kujizalisha upya Pillbox. Ukichagua hiyo, kwa hesabu za seva mhusika wako alikufa, na maisha mapya yanaanza bila kumbukumbu ya tukio lililomwua. Hiyo ndiyo NLR, kanuni ya maisha mapya. Wapo wanaokukataza hata kukaribia mahali pale kwa dakika 15 au 30.

Kwa hiyo muuza samaki aliyetoka Pillbox hamjui yule jamaa. Hajawahi kumwona. Mtazame sasa yule jambazi: amesimama uwanjani, mara anashuka mtu kwenye gari, hasemi hata neno moja, anammiminia risasi. Kwake yeye hiyo ni RDM, na kwa msimamizi anayetazama klipu ni RDM. Kwa kitendo kimoja umevunja kanuni mbili. Siku tatu si nyingi.

Najua unachofikiri: kwamba kanuni hii inamlinda mwizi. Basi iondoe uone. Kila aliyekufa atarudi baada ya dakika mbili kulipiza, aliyelipiziwa naye atarudi, na kufikia usiku wa manane pale uwanjani hakuna anayeuza samaki wala anayeendesha teksi, kuna foleni ya wafu wanaofufuka. Nimeziona seva za namna hiyo. Daktari ndiye anayeacha kuingia kwanza, kisha hakimu, kisha wote waliokuja kuigiza kitu kingine zaidi ya bunduki.

Kinachoniudhi katika barua yako ni hadithi uliyoitupa. Ungesubiri ambulansi, ungekuwa na kumbukumbu, sura ya jambazi, na haki ya kwenda kwa polisi wa mchezo kuandikisha taarifa. Ungemtafuta wakili. Ungewaambia wauza samaki wenzako wamgomee. Ungemwinda wiki nzima, na yeye angejua anawindwa. Uvivu wa kulala chini kusubiri ndio uliokunyang'anya kisasi.

*

Afande, mimi na rafiki yangu tunakaa chumba kimoja cha hosteli Wandegeya. Tuko magenge tofauti kwenye seva. Wenzangu wanasema tunafanya metageming kwa sababu tunasikiana. Sasa nizibe masikio?
*Wa Hosteli, Kampala*

Huhitaji kuziba masikio. Ziba matumizi. Metageming ni kumpa mhusika habari ambayo mchezaji aliipata nje ya mchezo: kwenye WhatsApp, kwenye Discord wanakopigia soga wachezaji, kwenye video ya mtu anayerusha mchezo wake moja kwa moja, au, kwa hali yako, kitanda cha pili. Kusikia si kosa. Kosa ni genge lako kumsubiri la kwake kwenye kona ambayo hakuna mtu mle ndani aliyewaambia.

Tatizo lenu ni kwamba hata mkiwa waaminifu hakuna atakayewaamini. Siku utakayomvamia kwa bahati tu, msimamizi atauliza ulijuaje, na jibu lako litakuwa "nilihisi". Mimi jibu hilo nimelisikia kaunta mara nyingi sana. Kwa hiyo waambieni wasimamizi mapema kwamba mnaishi pamoja, geuzeni skrini zitazamane na ukuta, vaeni hedifoni, na magenge yenu yakigongana mmoja wenu akae pembeni. Au hamieni genge moja. Hili la mwisho ndilo ningefanya mimi.

Ukishajua jambo usilopaswa kulijua, kuna njia ya heshima: fanya kinyume chake. Umesikia wako benki? Mpeleke mhusika wako akavue samaki.

*

Afande, mimi ni binti, naendesha teksi kwenye mchezo. Abiria alikataa kulipa. Nilipomshika akaandika: "/me anamvunja dereva mkono na kumtupa mtaroni." Nikaandika kwamba nimekwepa. Akasema nimevunja kanuni kwa kukataa. Nani mkosaji?
*Dereva, Mbale*

Binti yangu, nyote wawili, ila yeye zaidi.

Amri ya /me ni ya kuonyesha kile ambacho mchezo hauwezi kukichora: mhusika wako anakuna kichwa, anatafuta funguo, anamshika mtu bega. Inahusu mwili wako wewe. Mara unapoandika kilichotokea kwenye mwili wa mwenzako bila yeye kusema lolote, hiyo ni pawageming. Abiria wako alipiga, akavunja, akatupa, yote kwa sentensi moja. Wewe ukajibu kwa kukwepa moja kwa moja, yaani na wewe ukaandika mwisho wako. Mngeweza kuendelea hivyo hadi asubuhi, huyu anavunja, huyu anakwepa.

Angeandika hivi:

/me anaushika mkono wa dereva na kujaribu kuupinda
/do Je, dereva anaweza kujinasua?

Amri ya /do ni ya hali ilivyo, au ya kuuliza hali ilivyo. Sasa mpira uko kwako. Unajiuliza: huyu mhusika wangu ni nani? Kama ni mama wa makamo aliyechoka na abiria ni bondia, unaandika "/do Mkono umeshikika, hawezi". Kama ulikuwa tayari na spana mkononi, unaandika "/me anajaribu kumpiga kwa spana", naye anajibu. Baadhi ya seva zina amri ya kurusha kete pale wawili wanaposhindwa kuelewana. Tumia hiyo kuliko kubishana. Kubishana kwenyewe, katikati ya tukio, kwa sauti ya mchezaji badala ya mhusika, ni kosa lingine. Maliza tukio kama lilivyo, hata likiwa la kipumbavu, kisha nenda ukafungue tiketi.

Nimeshaona kwamba wachezaji wanaotafutwa na kila mtu, wanaoitwa kwenye kila hadithi, ni wale wanaojua kushindwa. Wanavunjwa mkono, na wiki nzima wanaendesha teksi kwa mkono mmoja huku wakilalamika kwa kila abiria. Hao napenda waje gereji yangu. Kinyume chao ni kijana mmoja aliyeniletea pikipiki baada ya kuruka nayo kutoka kilele cha Mount Chiliad. Pikipiki ilikuwa hoi. Yeye mwenyewe hata kuchechemea hakuchechemea. Nikamwambia nitaanza kwa kumwitia daktari, akanuna akaondoka.

*

Afande, nakaa Ntinda. Nilikuwa nakimbizwa na polisi baada ya kuvunja benki ya Fleeca, Yaka ikaisha, kompyuta ikazima. Niliporudi nimefungiwa wiki moja kwa kutoroka mapambano. Hawa wasimamizi wako Ulaya. Nitawaelezaje kwamba huku umeme unanunuliwa kama airtime?
*Jambazi Asiye na Yuniti*

Utawaeleza, lakini si kwa namna hiyo. Umeme ukikatika mtaa mzima, hiyo ni bahati mbaya. Yaka ikiisha, hiyo ni wewe. Mita ilikuonyesha yuniti zilizobaki kabla hujaanza safari ya benki, na wizi wa Fleeca na mbio zake unaweza kula nusu saa na zaidi. Jambazi makini hununua yuniti kwanza.

Hata hivyo adhabu ya wiki inaweza kupunguzwa, maana kutoroka mapambano ni kukata muunganisho kwa makusudi ili usikamatwe, usife, usinyang'anywe. Wasimamizi wana rekodi ya seva inayoonyesha umeondoka vipi. Ukifunga mchezo mwenyewe, inaandikwa kwamba ulitoka. Umeme ukizima, seva inakungoja kidogo, kisha inaandika kwamba muunganisho ulikatika kwa kukosa jibu. Waombe waitazame hiyo rekodi. Usijidanganye, wanajua pia kwamba mtu anaweza kuchomoa waya wa intaneti akapata maandishi hayohayo. Kwa hiyo wataangalia historia yako. Mtu ambaye umeme wake hukatika tu akiwa na polisi nyuma, na haujawahi kukatika akihesabu pesa, huyo hatumwamini.

Siku nyingine ikitokea, chukua simu hapohapo, washa data, fungua tiketi kwenye Discord ya seva. Usingoje kesho. Tiketi ni kama namba ya SD, ile ya kitabu cha matukio, pale kituoni: bila hiyo, ulichosema hakijasemwa. Andika jina la mhusika, mahali, saa, nani walikuwa wanakufukuza, na kilichozima. Kisha andika sentensi moja ambayo wengi huisahau: kwamba uko tayari kurudishwa palepale na kukamatwa. Hiyo ndiyo inayowashawishi, kwa sababu inaonyesha hukufaidika na kuzima. Ukiweza kuingia tena ndani ya dakika chache, rudi mahali ulipokuwa, usimame, usikimbilie maficho.

Katika rufaa yenyewe, usimtaje mchezaji mwingine aliyefanya vibaya zaidi. Usiandike kwa herufi kubwa. Usiwatumie ujumbe wa faragha wasimamizi watano kwa zamu. Nimezisoma rufaa ndefu zilizojaa matusi, na fupi ya mistari sita iliyosema "nilifanya hivi, hali ilikuwa hivi, nakubali hivi". Utabashiri ipi ilikubaliwa.

Na kwa kuwa umetaja Ulaya: intaneti yetu Uganda, kwa kuwa hatuna bahari, sehemu kubwa hupitia Kenya hadi nyaya za baharini Mombasa, ndipo ikaenda huko mashine ya seva ilipo, kisha jibu lirudi njia hiyo. Ndiyo maana magari yanaruka kwenye skrini yako, na ndiyo maana unaweza kumgonga mtu ambaye kwako alikuwa bado kando ya barabara. Kugonga kwa makusudi, gari likiwa silaha, ni VDM na adhabu yake ni kali. Ajali ni ajali, mradi ufanye afanyacho mtu baada ya ajali. Simama, shuka, muulize hali, mwitie ambulansi. Ukiendelea kukimbia kama bodaboda aliyemgonga kuku, hakuna atakayejali mtandao wako ulikuwaje.

*

Afande, mwanangu ana miaka 13. Usiku namsikia chumbani akisema, "Mikono juu! Toa kila kitu!" Baba yake anasema ni mchezo tu. Mimi silali. Nimpokonye hiyo kompyuta?
*Mama, Busia*

Mama, pole. Kwanza nikutoe hofu moja: mtoto anayeigiza mwizi hajawa mwizi. Kwenye seva yetu kuna muuguzi halisi ambaye mle ndani ni mkuu wa genge, na mimi afande mstaafu ninatengeneza magari ya wizi bila kuuliza maswali.

Hofu nyingine sikutoi, kwa sababu ni ya kweli, nayo ni umri. Mchezo wenyewe umewekewa alama ya 18 na PEGI, wapimaji wa umri wa michezo huko Ulaya, na Marekani umewekwa kundi la kuanzia miaka 17. Seva nyingi za kuigiza zinataka 18, chache zinakubali 16. Kwa hiyo mwanao wa miaka 13 ameingia kwa kudanganya, na amevunja kanuni ya kwanza kabla hajasema "mikono juu". Mle ndani kuna watu wazima wanaoongea mambo ya watu wazima. Zipo seva zinazoruhusu matukio ya kimapenzi kati ya watu wazima walioridhiana. Akigundulika mtoto katikati ya jambo la namna hiyo, aliyehusika hufukuzwa moja kwa moja, lakini hilo hutokea baada ya mtoto kusikia alichosikia.

Usiingie usiku wa manane ukachomoa waya. Atahamia kafe ya intaneti, na huko hutamsikia hata hiyo "toa kila kitu". Kaa naye mchana. Muulize aliandika umri gani. Muulize anaongea na nani faraghani, nje ya mchezo. Discord yenyewe hairuhusu aliye chini ya miaka 13, na hapo ndipo mazungumzo ya pembeni hufanyikia. Muulize kama kuna mtu amewahi kumwomba picha, jina la shule, namba ya simu, au kumtumia zawadi. Muulize bila sauti ya mahakama, la sivyo atakujibu kama mshtakiwa.

Kama kuna aliyemwomba picha za mwili au kumtisha, usifute chochote. Hifadhi ujumbe, na upige 116, ile simu ya bure ya watoto inayoitwa Sauti, au nenda kituoni kwenye dawati la familia na watoto. Usimjibu huyo mtu mwenyewe kwa hasira, atafuta akaunti apotee.

Kama hakuna la namna hiyo, mtoe kwenye seva hiyo hata hivyo. Kuigiza kwenyewe kunaweza kubaki: Minecraft na Roblox zina miji ya kuigiza ambayo watoto wa umri wake wako humo, nazo zinahitaji jicho lako pia. Na baba yake, anayesema ni mchezo tu, mpe hedifoni akae jioni moja asikilize.

*

Mhusika wangu ni mzee mkabila. Nilimtukana mchezaji mmoja kwa kabila lake, nikafungiwa maisha. Si alikuwa mhusika aliyetukana?
*Mzee wa Fort Portal*

Hapana. Mhusika wako alikopa mdomo wako, na aliyesikia hakukopa masikio. Mhusika anaweza kuchukia genge, meya, timu ya mpira, jirani anayepiga muziki usiku. Kabila, dini, rangi na ulemavu wa watu walio hai haviguswi, na seva zote ninazozijua zinamfukuza mtu kwa hilo bila onyo. Rufaa ya namna hii ikinifikia mimi huipigia kura ya hapana. Usinitumie ya kwako.

*

Kuna mtu ananiuzia milioni 5 za Los Santos kwa shilingi 20,000 za Mobile Money. Anasema ni admini. Nichukue?
*Mtarajiwa, Lira*

Usichukue. Admini wa kweli haombi pesa kwa namba yake ya simu. Seva inayopokea michango ina duka lake rasmi mtandaoni, na huwezi kulikosa, maana wanalitangaza kila kona. Huyo ama atapokea 20,000 zako asionekane tena, ama atakupa pesa kweli, na hapo ndipo pabaya zaidi: milioni zinazouzwa hivyo mara nyingi zimetengenezwa kwa kutumia hitilafu ya seva. Wasimamizi wakizifuatilia zinawafikisha kwako.

Tena wenye mchezo wenyewe hawataki biashara hiyo. Rockstar Games walitoa msimamo kuhusu seva za kuigiza Novemba 2022, wakakataza miongoni mwa mengine kuuza sarafu za mchezo, masanduku ya bahati nasibu na mambo ya kripto. Agosti 2023 wakainunua Cfx.re, timu iliyotengeneza FiveM. Kwa hiyo aliyekuwa jirani mkali sasa ndiye mwenye nyumba.

*

Afande, wewe ulikuwa polisi. Mimi nimeajiriwa polisi kwenye seva juzi. Naruhusiwa kula rushwa? Nataka uhalisia.
*Konstebo, Masaka*

Kati ya watu wote Uganda, umeona uniulize mimi.

Inaruhusiwa, kwa utaratibu. Katika seva nyingi polisi mla rushwa lazima aombe ruhusa kwa wakuu wa idara yake, kwa maandishi, kabla hajapokea hata shilingi. Ndiyo, rushwa ina fomu. Sababu yake ni kwamba polisi hupewa bure na seva vitu ambavyo raia hutafuta miezi: bunduki, gari la kasi, redio, orodha ya namba za magari. Akivigawa kwa rafiki zake bila mtu kujua, hakuna hadithi hapo, kuna ghala lililoachwa wazi. Ndiyo maana pia utatakiwa kukubali mapema kwamba ukinaswa, mhusika wako anaweza kufungwa au kufa kabisa, asirudi.

Konstebo wa juzi hapewi ruhusa hiyo. Fanya doria kwanza, andikia watu faini za mwendo kasi, jifunze kumsimamisha mtu ukiwa na sababu unayoweza kuitaja kwenye redio, na uache kuwachokoza majambazi ili wakukimbie. Baada ya muda, omba. Usiandike kwenye fomu kwamba unataka uhalisia, kila mwombaji huandika hivyo. Andika mhusika wako anadaiwa na nani, anaogopa nini, na ni kosa gani dogo atakaloliacha ili wapelelezi wa seva wawe na pa kuanzia.